Kosa Ni Letu

Thaba Lehlwa, 29 Juni 2024

Mama Bushra wangu,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila masikio sina hakika kama bado ninayo. Nikiyagusa nagusa kitu cha mtu mwingine.

Nimefika salama na nimepangiwa kazi kwenye lifti. Usifikirie lifti ya ghorofa kama zile za mjini. Hii ni waya mrefu unaopanda mlima mchana kutwa, umening'inizwa vyuma. Mteja akija na vibao vyake miguuni namshikisha chuma, waya unamvuta mpaka kileleni, huko anageuka na kuteremka kwa kuteleza juu ya theluji. Akifika chini anarudi kwangu nimvute tena. Ndiyo kazi yangu, na ndiyo starehe yao. Watu wanatoka Johannesburg alfajiri, wanalipa, wanaanguka siku nzima, wanashukuru, wanarudi kwao. Mlangoni pana bango kubwa linalosema kila mtu anateleza kwa hiari yake na litakalompata ni lake, na kabla ya kupewa vibao wanatia saini karatasi yenye maneno hayo hayo. Sijamwona hata mmoja akiisoma.

Baridi si neno. Neno ni ukimya. Wenzangu ni Wasotho, watu wema kabisa, lakini wakianza mazungumzo yao mimi nabaki kutabasamu kama bwana harusi. Wateja nao wamevaa miwani mikubwa, hawanioni, wanaona mkono unaowapa chuma. Jana nilijikuta naisemesha lifti kwa Kiswahili.

Mtandao haushiki mpaka ufike kileleni, na kileleni nikivua glavu vidole vinagoma. Kwa hiyo barua nampa Abdulrahman, yule Mzanzibari anayeendesha basi dogo la wateja kila mwisho wa wiki. Majibu yako mpe yeye. Mwambie Bushra aniandikie japo mstari mmoja, kwa lugha yoyote anayotaka.

Mumeo,
Bakiri

*

Bellevue, 7 Julai 2024

Baba Bushra,

Waaleikum salaam. Kwa hiyo umeniacha mimi ukaenda kuoa lifti. Haya, nitavumilia, maana mke mwenza wa chuma hali wala havai.

Sisi hatujambo. Umeme umekatika tena, na wapangaji wa vyumba vya mbele wanagombania bafu kama kawaida yao. Vitumbua vyangu vinakwisha kabla ya saa tatu, alhamdulillahi. Bushra nimemsemesha Kiswahili, kanijibu Kizulu, nikamgombeza Kiswahili, akalia Kiingereza. Mstari wake nimeutia humu, ujisomee.

Nakwambia ukweli, nyumba hii bila kikohozi chako naisikia kubwa, na wewe unajua ni chumba kimoja. Jioni napika kwa sufuria lile lile, nasahau kwamba umeondoka, chakula kinabaki. Rudi na masikio yote mawili.

Mkeo,
Mayasa

*

Thaba Lehlwa, 15 Julai 2024

Mama Bushra,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Kumetokea jambo.

Jumamosi lilikuja kundi la walinzi kutoka Johannesburg. Kampuni yao iliwapa matembezi kama zawadi. Mmoja wao alipofika kwenye lifti aliniuliza kwa Kiswahili kama chuma kile kinauma mkono. Kiswahili, Mayasa! Kile chao cha Lubumbashi, kinachopanda na kushuka, lakini nilikisikia kama adhana. Anaitwa Ruphin, kijana mdogo mpole, theluji hajapata kuiona. Kila alipoteremka na kurudi kwangu tuliongea mpaka waya ukamchukua. Nilimwambia hata habari zako na vitumbua vyako.

Sasa kule juu, kando ya njia ya kutelezea, pana korongo la mawe, na ukingoni mwake pana kamba ya rangi ya machungwa ya kuzuia watu. Upepo wa usiku ulikuwa umelaza nguzo zake. Nilimwita meneja kwenye redio ya mkononi nikamwambia nguzo zimelala, njia ile ifungwe. Akasema siku imejaa wateja, nifunge kamba kama ninavyoweza, tuendelee. Nikaifunga. Mchana ukashuka ukungu, na katika ukungu ule Ruphin akapita pale pale na kuangukia korongoni.

Nilikuwa mmoja wa waliombeba. Alinishika mkono, akawa ananiuliza kwa Kiswahili kwa nini haisikii miguu yake, na mimi nikazidi kuushika mkono wake. Amepelekwa hospitali huko kwenu Johannesburg. Meneja ametukataza kuzungumza na mtu yeyote habari hii. Wewe si mtu yeyote, lakini funika kombe.

Usingizi sipati.

Bakiri

*

Bellevue, 24 Julai 2024

Baba Bushra,

Nimekwenda kumtazama.

Ungetaka nifanyeje? Mtu ameumia mikononi mwako, ametajiwa vitumbua vyangu, yuko mji huu huu, halafu nikae Bellevue nichume mchicha? Nilimpikia uji wa mchele wa nazi, nikamkaangia na vitumbua vichache, nikapanda teksi mbili za abiria. Wodi nzima ina watu na wageni wao, yeye peke yake alikuwa anatazama ukuta. Wenzake wa kazini walikuja mara moja. Mama yake yuko Lubumbashi, kaambiwa kijana wake ameteguka mguu. Madaktari wanasema miguu hairudi tena. Ananiita yaya, ndivyo Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. Nikamwambia kwetu yaya ni mlezi wa watoto. Akasema basi nimepatia mara mbili. Akacheka, halafu akalia, nami nikalia naye.

Nikafanya lililotupasa. Wajua kwetu mgeni akijikwaa kizingitini mwenye nyumba ndiye anayeomba radhi, hata kama mgeni alikuwa anatazama juu. Nikamwambia: "Mume wangu ndiye aliyekuwa pale. Tunakuomba radhi, kosa ni letu." Naye, kalelewa huyo, akasema hapana yaya, kosa ni langu mimi. Nikasema letu, akasema langu, tukashindana hivyo mpaka uji ukapoa. Kumbe adabu ya Lubumbashi na ya Tanga ni moja.

Pembeni alikaa bwana mmoja wa tai, mpole, akamwomba Ruphin amfasirie nilichosema, akawa anaandika. Nikampa na yeye kitumbua.

Jumapili nitakwenda tena.

Mayasa

*

Thaba Lehlwa, 2 Agosti 2024

Mayasa,

Yule bwana wa tai uliyemlisha kitumbua ni wakili.

Kampuni imepata barua yake. Anadai fidia kwa ajili ya Ruphin, na ameandika kwamba mke wa mfanyakazi wa lifti alifika hospitalini akakiri kosa mbele yake. Mke wa mfanyakazi ni wewe. Hapa hawajui habari za kizingiti na mgeni. Hapa mtu akisema nimekosa, amekosa, na analipishwa.

Meneja aliniita ofisini. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema watu wa bima wanataka maelezo yangu kwa maandishi. Nikiandika kwamba kamba ilikuwa imesimama barabara, basi kijana ameivuka kwa hiari yake, na karatasi aliyotia saini inamhusu. Mkataba wangu utaendelea msimu ujao, na barua ya kuombea kibali changu cha kukaa nchini watanipa. Kisha akaniuliza taratibu: kama kamba ilikuwa chini, nani aliifunga? Nikamkumbusha habari ya redio. Akasema yeye haikumbuki.

Nimekasirika nawe, sitaficha. Lakini nikikumbuka kwamba umepanda teksi mbili na uji mkononi, hasira inanikimbia. Usiende tena hospitali. Wewe niombee tu, mimi sijui nitaandika nini.

Bakiri

*

Bellevue, 9 Agosti 2024

Baba Bushra,

Barua yako imenifika nikiwa tayari nimekwisha kwenda, na nitakwenda tena. Mgonjwa hakatiwi chakula katikati. Mimi sikujua kwamba kuna watu wanaochukua radhi ya mtu na kuifanya ushahidi. Nisamehe. Na hili silisemi kwa adabu, nalisema kwa sababu nimekuletea balaa.

Najua watu watasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, alipanda mlima mwenyewe, alitia saini mwenyewe. Mpangaji wa chumba cha mbele ameshanambia. Lakini sikiliza hali yake. Wakili anamwambia akishinda atapata nyumba ya chini isiyo na ngazi, na mtu wa kumhudumia. Akishindwa, kazi ya ulinzi hana, chumba chake Troyeville kiko ghorofa ya tatu, na kanisa lake litamrudisha kwa mama yake kwa basi. Mama mwenyewe ni mtu mzima, hawezi kumnyanyua hata mkono.

Nilimweleza Ruphin na ya kwako: kwamba meneja anataka kukutwika kamba, na kwamba kibali chako kinategemea maneno yako. Aliiweka sahani pembeni. Kisha akaniuliza Bushra yuko darasa la ngapi.

Siwezi kukwambia cha kuandika. Ukiandika hivi unamzika yeye, ukiandika vile unajizika wewe, na mimi nawapikia wote wawili. Andika utakachoweza kukisimamia mbele ya Mungu.

Mayasa

*

Thaba Lehlwa, 19 Agosti 2024

Mama Bushra,

Theluji imefunga barabara ya mlimani, Abdulrahman hajapanda wiki hii. Barua hii itamsubiri, lakini naiandika leo kwa sababu leo nimetia saini.

Nimeandika kwamba nguzo zilikuwa zimelala na kwamba mimi nilifunga kamba vibaya. Abdulrahman aliwahi kunieleza kwamba mfanyakazi akikosea kazini, kampuni ndiyo inayolipa. Basi nimewapa kosa lenye mwenyewe, ili Ruphin apate nyumba yake ya chini. Habari ya redio sikuitia. Meneja angeikana, shahidi sina, na ningeonekana nampakazia aliyenipa kazi nilipokuwa sina mbele wala nyuma. Kitu kimoja safi, kosa langu, basi.

Kazi nimeipoteza, hilo lajulikana, ila hawajanitamkia. Watu wananiangalia kama maiti anayetembea na ufagio.

Ruphin usimwambie. Ataleta ubishi wake wa kosa langu, kosa langu.

Bakiri

*

Hospitalini, Johannesburg, 20 Agosti 2024

Kaka Bakiri,

Ni mimi Ruphin, wa ile siku ya ukungu. Ninaandika kwa mkono juu simu yangu ilivunjikia kule kwenye mawe. Kiswahili changu utakisamehe, ni cha shule ya mapadri.

Mbele ya yote ninakushukuru. Sikusahau mkono wako. Wengine walikuwa wanasema maneno ya Kiingereza, "usijali, usijali", wewe ulinyamaza na kunishika tu. Pia ninakushukuru kwa bibi yako. Hapa watu wanakuja kitandani kwangu na kalamu. Yaya Mayasa anakuja na sahani.

Alinieleza mambo wanayotaka kukufanyia. Kaka, wewe uko na mtoto shuleni na makaratasi ya kutafuta. Mimi nimekwisha kuanguka, hakuna tena mahali pa kuangukia. Kwa hiyo jana nilimwita avoka wangu, yule wakili, nikampa karatasi yenye saini yangu. Nimeandika kwamba niliiona kamba vizuri, ilikuwa imesimama, na kwamba niliivuka kwa kutaka kupiga picha ya kumtumia mama. Yeye alikataa kuipokea. Nikamwambia kama hataipeleka, nitampa mlinzi wa mlangoni aipeleke, walinzi tunasaidiana.

Kwa hiyo usiwe na woga. Wewe uliifunga kamba, mimi niliivuka. Tafadhali Yaya asijue mpaka mambo yaishe, ataniletea uji wa hasira.

Mdogo wako,
Ruphin

*

Bellevue, 8 Septemba 2024

Baba Bushra,

Barabara imefunguka, Abdulrahman ameniletea barua yako ya Agosti, nami hapa nimeshajua yote kabla sijaifungua.

Wakili alikuja mpaka nyumbani. Alisimama mlangoni na nakala mbili mkononi. Moja mfanyakazi wa kampuni amesema kosa langu, nyingine mgonjwa amesema kosa langu. Zilipishana njiani, Bakiri. Watu wa bima wamezisoma zote mbili. Ya Ruphin wameipokea kwa mikono miwili: aliiona kamba, aliivuka, alitia saini, hawamlipi kitu. Na yako wameipokea pia: fundo lilikuwa baya, basi afukuzwe aliyelifunga. Wakili amejitoa, anasema mtu aliyekiri mwenyewe hawezi kumtetea mahakamani. Alikuwa amechoka kuliko alivyokasirika. Aliniuliza, "Nyie watu, hakuna hata mmoja aliyetaka kushinda?"

Nilimwambia habari ya redio. Akasema mumeo mwenyewe hakuiandika, nani atamsikiliza mkewe?

Nilitafuta nani wa kumlaumu nikajikuta mimi. Mimi ndiye niliyembebea huyu machungu ya yule, na yule machungu ya huyu, pamoja na uji. Nilidhani natenda wema. Meneja hakuomba radhi kwa mtu, hakumtazama mgonjwa, hakuandika neno, na ndiye aliyelala usingizi.

Ruphin bado sijamwambia kwamba sadaka yake haikukufaa. Naogopa. Njoo tumwambie pamoja.

Mayasa

*

Bellevue, 15 Septemba 2024

Bakiri,

Abdulrahman amenirudishia barua yangu ya wiki iliyopita. Anasema uliondoka Thaba Lehlwa wiki mbili zilizopita, yeye mwenyewe kakushusha Johannesburg pamoja na begi lako, ukamwapisha asiseme. Nimembana mpaka amesema. Uko Diepsloot, mji huu huu.

Simu yako haipatikani. Nampa barua ile na hii aende nazo huko, kwa kuwa inaonekana barua ndiyo mlango uliotuachia. Una kosa gani hata unajificha kwa mkeo?

Mayasa

*

Diepsloot, 22 Septemba 2024

Mama Bushra,

Nauza katika spaza, kiduka cha mtaani cha Karimu, tuliyekua naye Tanga. Nalala humo humo, nyuma ya magunia ya unga. Simu nimeizima kwa sababu ukipiga nitakusikia, na nikikusikia nitakuja.

Nimesoma zote mbili. Niliposoma ya Ruphin kule mlimani nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikakaa kwenye theluji. Nilitoka nyumbani kwenda kutafuta kazi na kibali. Nirudi na nini? Kazi sina, barua ya kibali sina, kijana nimemwangusha mara mbili. Bushra akiniuliza nilifanya nini huko, nitamjibu lugha gani?

Nikwambie jambo ambalo sikumwandikia mtu. Nilikuwa nafunga marobota ya mkonge Tanga kabla sijaota ndevu, na fundo langu halijapata kufunguka. Sikuifunga vibaya, Mayasa. Lakini nguzo ikilala chini, kamba hulala nayo, hata uifunge kwa dua. Nilijua hivyo nilipotia saini.

Niache kidogo. Mpe Bushra salamu zangu.

Bakiri

*

Bellevue, 6 Oktoba 2024

Bakiri,

Ruphin ameondoka jana. Watu wa kanisa lake walimtandikia godoro kwenye viti vya nyuma vya basi, safari yote ile mpaka Lubumbashi. Nilimpikia vya kukaa njiani. Aliangalia watu waliokuwa wanamsindikiza, akamtafuta mmoja ambaye hakuwapo. Alidhani ungekuja. Mimi pia nilidhani.

Nilimwambia yote kabla ya kuondoka, kwamba ulijitia kosani kwa ajili yake na ukafukuzwa. Alifumba macho. Nikamuuliza, kwa kuwa sitampata tena wa kumuuliza, "Ruphin, ile kamba kweli uliiona?"

Akasema, "Yaya, ukungu ule sikuona hata mikono yangu. Kama ningeiona, ningeishika."

Basi wewe hukuifunga vibaya na yeye hakuivuka. Mlisema uongo wote wawili kwa heshima na adabu, na ukweli ukabaki kwenye redio ya mtu asiyekumbuka. Nilirudi kutoka kwenye basi nikapanga sahani, nikakuta nimepanga ya kwako, na sasa nimeanza kupanga na ya kwake. Bushra ameniuliza tunamngoja nani. Ameuliza kwa Kiswahili.

Nimechoka na watu wanaobeba makosa yasiyo yao. Ya kamba si yako. Ya kibali si yako. Ya miguu ya Ruphin si yako, nami nitaapa hivyo mbele ya yeyote. Lakini kutoka Diepsloot mpaka hapa ni teksi mbili, na mimi nalala peke yangu nikijua hivyo. Hili ni kosa lako kweli, Bakiri. Hili sitamwomba mtu radhi kwa niaba yako. Njoo uliombee radhi mwenyewe.

Mayasa